Vipimo vya Mota ya Kitahana

Februari 10, Jumatatu

Mwalimu William amenipa madaftari mawili, moja la kuandikia vipimo vya mota na la pili la akiba. La akiba nimelifanya langu. Sijamwambia.

Anafundisha umeme katika chuo cha ufundi huko Kasulu. Ni mtu wa Mbeya, umri wake kama miaka thelathini, na kila swali analitanguliza na "samahani". Mwaka jana alikuwa anashirikiana na mume wangu, Kipriani, aliyekuwa anasuka upya nyaya za mota za mashine za kusaga hapa Kibondo. William anatafuta hesabu ya kukadiria joto la ndani kabisa ya koili, mahali ambapo mkono haufiki. Kipriani akafariki Agosti, kazi ikakatikia njiani. Leo amekuja kuuliza kama naweza kuiendeleza.

Nikamwambia miaka kumi na tisa mwenye kuzungusha waya nilikuwa mimi, Kipriani akiunganisha na kupaka vanishi ya kugandisha waya.

"Samahani mama, sikujua."

Hakuna anayejua.

Februari 11

Bi Vestina, mwenye mashine ya kusaga ya Kitahana, ameleta mota yake kwa guta. Imeungua. Alisimama mlangoni akachungulia ndani kama anayemtafuta mtu mwingine.

"Mama Herieth, ni wewe mwenyewe utakayesuka?"

"Ni mimi."

"Nauliza tu. Mahindi yameanza kuvunwa, wateja wangu hawatanisubiri."

Nikamwambia itakuwa nzuri kama za marehemu. Neno hilo lilinitoka kabla sijalipima.

Februari 13

Nimesuka siku nzima. Mimi nikizungusha, Kipriani alikuwa akihesabu mizunguko kwa Kiha, kwa sauti, na akifika hamsini anatafuna karanga moja. Maganda yake aliyaweka mfuko wa shati. Nimeyakuta tena leo katika shati la bluu.

Februari 15

Mvua.

Februari 16

Mvua. Koili zimekaa, karatasi za kukinga waya zimekaa, nimeshachovya vanishi mara ya kwanza. Kipriani angeanika juu ya bati juani siku tatu, kisha angechovya tena na kuanika tena. Hatukuwahi kuwa na tanuri. Jua ndilo lilikuwa tanuri letu, na wakati wa mvua alikuwa anawaambia wateja wasubiri, wakikasirika anacheka.

Bi Vestina amepiga simu mara tatu.

Februari 18

Nimekaushia jikoni. Niliweka mota juu ya matofali, jiko la mkaa chini, nusu pipa juu. Jioni nikajaribu kwa ukucha, ukucha haukuingia. Nje ilikuwa ngumu na inang'aa. Sikuchovya mara ya pili. Ndani ya mifereji ya chuma, koili zilikozama, sijui pakoje.

Nimeandika sijui. Nadhani najua.

Februari 20

Mota imefungwa Kitahana, imeunguruma vizuri, Bi Vestina amenikumbatia. William alikuwepo. Alichukua chaki akachora mota ukutani kama nyumba. Chumba cha ndani ni shaba, ndiko joto linakozaliwa. Halafu ukuta wa karatasi na vanishi, halafu chumba cha chuma, halafu ukuta wa nje, halafu uwanja, yaani hewa inayopepewa na feni. Hesabu yake inafuata joto likipita ukuta kwa ukuta mpaka litoke.

"Ukuta wa kwanza ukijaa vanishi vizuri, joto linapita," alisema. "Ukiwa na mapovu ya hewa, samahani, ni kama umeivisha shaba blanketi."

Nilitazama chini, nikajifanya napanga nyaya za mita.

Kazi yangu ni hii. Asubuhi kabla mashine haijawashwa napima ukinzani wa koili zikiwa baridi. Jioni ikizimwa tu napima tena, na kila baada ya dakika tano, kwa saa nzima. Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, ikipoa unashuka. Kwa hiyo mita inakuonyesha joto likitoka bila wewe kuliona.

Februari 21

Asubuhi 1.42. Ilipozimwa 1.86. Baada ya nusu saa 1.74.

Jioni nilifungua daftari la mwaka jana la Kipriani, mota ya aina hii hii. Asubuhi 1.42. Ilipozimwa 1.76. Baada ya nusu saa 1.58. Yake ilikuwa na joto dogo na ilipoa upesi. Yangu ina joto kubwa na inang'ang'ania nalo.

Februari 22

1.87. Nimejiambia labda mita.

Februari 24

1.87 tena. Mita haina tatizo.

Mwendesha mashine wa Kitahana anaitwa Havyarimana. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, yeye amezaliwa huku na ana kitambulisho cha taifa, lakini foleni ikiwa ndefu watu wanamwita mkimbizi. Ni mwembamba, kope zake nyeupe kwa unga. Ananiletea kigoda nikae karibu na mota, yeye anakaa hatua mbili kutoka kwangu akinywa chai ya rangi, ananisimulia habari za mbuzi wake mmoja ambaye anakula sabuni.

Leo aliweka kiganja juu ya mota akakiondoa.

"Mama, huyu ana homa."

Wanawake wa foleni wakamcheka. "Havyarimana, mpe uji mgonjwa wako!" "Mpeleke zahanati!"

Naye akazima mashine. Kila baada ya saa moja anaipumzisha, wapende wasipende. Mimi nilicheka pamoja nao.

Februari 25

William amepiga simu akiomba nimtumie picha za kurasa za vipimo. Nikasema kesho.

Februari 26

Nitaandika jinsi ilivyokuwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kile. Mita ilisoma 1.86. Nikaandika 1.77. Baada ya dakika tano mita ilisoma 1.84, nikaandika 1.74. Daftari la Kipriani nilikuwa nalo kwenye kapu, chini ya khanga, na kila mara nilichungulia namba yake nikabadilisha tarakimu ya mwisho kidogo. Havyarimana alikuwa hatua mbili akiniambia mbuzi sasa amekula mswaki. Nilimwitikia, "Kweli?" na mkono wangu ukiandika.

Nyumbani niliandika upya kurasa za siku zilizotangulia na kuzichana zile za kweli. Nikapiga picha, nikatuma. William akajibu: "Safi sana mama. Kazi yako inalingana na ya mzee Kipriani kabisa."

Nililisoma mara nyingi. Nilifurahi, na hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Februari 27

Nimeona kuwa saba zangu nimezikata katikati kwa mstari. Mimi sikati saba. Kipriani ndiye alikuwa anakata.

Machi 1

1.87. Niliandika 1.76.

Machi 3

1.88. Niliandika 1.77.

Machi 4

Vilevile.

Machi 5

Vilevile. Mvua ya mawe Kitahana, tukabanana wote ndani ya chumba cha mashine. Havyarimana alinipa koti lake.

Machi 8, Jumamosi

William amekuja Kitahana na kompyuta. Alituonyesha mota yetu kwa rangi, chuma bluu, koili njano, na vichwa vya koili, pale zinapopinda nje ya chuma, vyekundu. Alisema sasa anajua mahali pa moto zaidi pana nyuzi joto ngapi baada ya kila dakika ya kusaga. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Nilimwonea huruma, kisha nikakumbuka kuwa anayemfanyia hivyo ni mimi.

Akatoa karatasi aliyoipiga chapa, akaigundisha ukutani: MOTA HII ISAGE SAA NNE MFULULIZO, IPUMZIKE NUSU SAA.

Bi Vestina akapiga makofi. "Unaona, Havyarimana? Umekuwa ukinizimia mashine kila saa, watu wanahama wanakwenda kwa wengine."

Havyarimana alisoma karatasi polepole. "Mwalimu, masaa manne? Mkono wangu unakataa."

"Samahani kaka, mkono unagusa bodi ya nje tu. Bodi inaweza kuwa ya moto na koili zikawa salama. Vipimo ni vya ndani." Akanigeukia. "Amevichukua Mama Herieth mwenyewe."

Wote wakanitazama. Havyarimana naye alinitazama, bila ubishi, kama mtu anayeuliza njia.

"Mama, ni kweli vipimo ndivyo vinavyosema?"

Ilikuwa mchana, mvua imekatika, mlango uko wazi. Hakuna aliyenishika shingo. Ningesema neno moja tu na mambo yangeishia pale, na aibu ingekuwa yangu peke yangu.

"Ndivyo," nikasema.

"Basi sawa," akasema Havyarimana. "Mama akisema, sawa."

Machi 10

Sikwenda Kitahana. Nimesema ninaumwa mgongo.

Machi 13

Mahindi yanaingia. Kila nyumba ina turubai uani.

Machi 17

Binti yangu Herieth amepiga simu kutoka Buhigwe anakofundisha. "Mama, sauti yako imekuwa ndogo." Nikasema ni mtandao.

Machi 22, Jumamosi

Imeungua.

Nilipata habari saa sita mchana, nikapanda bodaboda. Harufu niliipata kabla sijafika, ile harufu ya vanishi iliyoungua inayokaa kooni. Foleni ilikuwa imefika hadi barabarani, ndoo na madebe, watoto wamekalia magunia. Bi Vestina alikuwa anapiga kelele mbele ya watu wote.

"Nilikuambia ufuate karatasi! Umeiua mota yangu msimu wa mavuno!"

"Bosi, nimefuata karatasi. Tulianza saa mbili, ilipofika saa tano na nusu ikaanza moshi. Haijafika hata masaa manne."

"Uongo! Ulikuwa unajaza hadi mdomoni ili umalize haraka!"

"Oya, hapana. Waulize hawa."

Waliokuwa wamejibanza kwenye foleni tangu alfajiri walitaka mtu wa kumkasirikia. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kutosha, "Mali ya watu mkimbizi ataijulia wapi?"

Bi Vestina akampigia William, simu kwenye spika. William akasema kuwa kwa hesabu yake mota haiwezi kuungua chini ya masaa manne, isipokuwa ikizidishiwa mzigo. Akasema "samahani", lakini alilisema hilo.

"Mmesikia?" Bi Vestina akawaambia watu. "Hesabu ya chuo. Havyarimana, lete funguo."

Alimpa. Alivua na lile koti la kazi akalikunja vizuri, mikono ndani, akaliweka juu ya mizani. Alipita mbele yangu. Akasema, "Pole kwa kazi yako, mama." Alidhani ameniharibia kazi. Alikuwa ananipa pole.

Sikusema kitu. Nilikuwa na ulimi na sikusema kitu.

Machi 23

Kanisani sikwenda.

Machi 24

Guta limeleta mota. Bi Vestina amesema, "Wewe huna kosa, Mama Herieth. Choma leo, anza kusuka kesho."

Kuchoma ni kazi ya kawaida. Mota iliyoungua tunaiwashia moto wa pumba ili vanishi ya zamani iachie, ndipo tuvute waya. Moto ukipita hakuna atakayejua ndani kulikuwaje. Pumba ninazo, gunia zima.

Nilichukua patasi nikapasua mfereji mmoja kabla. Juu paliungua, peusi. Chini, katikati ya nyaya, vanishi ilikuwa ya njano na inanata kama ulimbo, na kwingine hakukuwa na kitu, matundu matupu. Mwezi mzima haikuwahi kukauka.

Nimerudisha kabari ya kufunika mfereji mahali pake. Sijachoma.

Machi 25

Sijachoma.

Machi 26

Nilimwaga pumba kuzunguka mota. Nikashika kiberiti. Nikamkumbuka Kipriani siku aliyomrudishia mteja mota ya pampu akamwambia, "Nimeunganisha vibaya, nipe siku mbili," na mteja akamtukana, na Kipriani akarudi ndani akaomba chai. Hakuwa fundi mzuri kwa sababu namba zake zilikuwa ndogo. Nilikuwa nimeiba namba na kuacha kile kilichozifanya.

Nimezoa pumba.

Machi 28, Ijumaa

Nimekwenda Gwarama. Havyarimana, pamoja na mkewe Esteri na watoto, amehamia kwa kaka yake. Nilifika wakiwa wanamenya mihogo barazani. Alisimama akanipa kigoda, kama kule.

Nikasema yote. Vanishi, mita, daftari lililokuwa chini ya khanga. Nilipofika kwenye neno "ndivyo" nililolisema Machi nane, aliacha kumenya.

"Nilikuwa nimekaa hapo," alisema. "Hatua mbili."

"Ndiyo."

"Nakusimulia habari za mbuzi."

"Ndiyo, baba."

Akacheka kidogo, kicheko kibaya, akatazama shambani. Esteri ndiye aliyeongea, kisu bado mkononi.

"Mama, umetoka Kibondo kuja kutuambia kitu tunachokijua. Mume wangu anajua hakuunguza mota. Mimi najua. Wanawe wanajua. Wasiojua wako Kitahana."

"Nilitaka kwanza kumwomba yeye msamaha."

"Huku hakuna foleni," akasema Esteri. "Huku ni rahisi."

Nilikuwa nimejiona jasiri njia nzima, ndani ya Hiace, nimejiandaa na leso.

Nilipoondoka Havyarimana hakunisindikiza.

Aprili 1

Nimempigia William nikamwomba awe Kitahana Jumamosi. Akauliza, "Samahani, kuna nini?" Nikasema nitamwambia mbele ya watu, kwa sababu nikimwambia kwenye simu nitaridhika.

Aprili 5, Jumamosi

Bi Vestina amekodi injini ya dizeli, kwa hiyo foleni ilikuwepo, watu kama arobaini. Niliteremsha mota kutoka kwenye guta pale pale nje. William alikuwa amefika. Bi Vestina akatoka anajipangusa mikono.

"Mbona hujachoma?"

"Nina neno la kusema juu ya Havyarimana."

Alinitazama usoni akashtuka. Ni mtu mwenye akili. "Tuingie ndani, Mama Herieth. Tuongee tukiwa tumekaa."

"Hapana. Yeye alisemwa hapa nje."

Nilipiga magoti nikapasua mfereji kwa patasi, wa pili, wa tatu. Nikamwomba mama aliyekuwa mbele aguse. Aligusa, kidole kikanata, akakitazama. Nikasema: hii ni vanishi niliyoikausha juu juu kwa haraka. Joto lilikosa njia ya kutokea. Mita iliniambia tangu siku ya kwanza, mimi nikaandika namba nyingine, namba za marehemu mume wangu. Mwalimu akapiga hesabu kwa namba za uongo, karatasi ikasema masaa manne, Havyarimana akatii karatasi. Alikuwa anaipumzisha kila saa na mota ilikuwa hai. Tulimcheka. Aliyeunguza mota ni mimi.

Injini ya dizeli ilikuwa imezimwa. Mtu akasema, "Na siku ile anafukuzwa si ulikuwa umesimama hapa?"

"Nilikuwa nimesimama pale, karibu na mizani."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Bibi mmoja mwenye debe la udaga wa muhogo, sijui jina lake, aliniuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza bei. "Kipriani angekuwa hai, ingeungua?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nimelikimbia tangu Februari. Nilikuwa nimedanganya watu wote ili lisiulizwe.

"Isingeungua, bibi."

"Haya," akasema, akasogeza debe lake mbele.

William alikwenda ukutani akabandua karatasi yake. Aliikunja mara nne. Alipanda pikipiki yake bila kuniaga, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema samahani.

Aprili 6

Hakuna mteja.

Aprili 8

Nimempa Bi Vestina waya wote wa shaba uliokuwa dukani. Fundi wa Kasulu mwenye tanuri ndiye atakayeisuka mota. Aliupokea. Hakunikaribisha kukaa.

Aprili 11

Bi Vestina ametuma watu wawili Gwarama kumwita Havyarimana. Naye Havyarimana amewarudisha na jibu kuwa anafikiri.

Aprili 16

William amepiga simu. Sauti kavu. Amesema mwezi wake wote wa hesabu ameufuta, anaanza upya na mota ikisharudi, na anahitaji mtu wa kupima kila jioni Kitahana. Nikasema atafute mtu mwingine. Akasema alishamtafuta. Havyarimana amekubali kurudi, na alipoulizwa ni nani apime, alisema aje yule yule.

Sikuelewa. Nimekaa na neno hilo siku nzima.

Aprili 22, Jumanne

Nimerudi Kitahana, mota nayo imesharudi kutoka Kasulu. Mashine ilikuwa inamaliza gunia la mwisho. Havyarimana hakuniletea kigoda. Nilikichukua mwenyewe kwenye kona nikakiweka karibu na mota. Alipozima, nilifunga nyaya za mita, nikafungua daftari.

Alikuja. Hakukaa hatua mbili, wala hakuwa na chai. Alisimama nyuma ya bega langu, nikaona unga ukidondoka kutoka kwenye shati lake juu ya karatasi. Akainama mbele ya mita.

"Moja nukta saba tano," akasoma kwa sauti.

Nikaandika 1.75.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Alitazama namba, akatazama mita, akatazama tena namba.

"Ego, ndiyo," akasema. "Dakika tano."

Tukasubiri, bila habari za mbuzi. Dakika tano zikapita, akainama tena, akasoma, nikaandika, nikamwonyesha. Tulifanya hivyo kwa saa nzima, mara kumi na tatu, mpaka mota ikapoa.

"Kesho saa kumi na moja jioni, mama," akasema. "Usichelewe."